Kizuizi cha Mbung'o

"Geuka, mukwai," alisema Efraimu Simbeye kwa adabu, na mwenye baiskeli akageuka, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Efraimu alipitisha wavu wake mgongoni mwa yule mtu, taratibu, kutoka shingoni hadi kiunoni, kama anayempangusa mgeni vumbi. Akachungulia chini ya tandiko la baiskeli. Akaupigapiga kwa kiganja mzigo wa samaki wakavu, akatega sikio. Mbung'o aliyejibana hulia kidogo akiguswa. Hakukuwa na sauti.

"Pita."

Akalegeza kamba, na mti mrefu wa kizuizi ukainuka.

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na serikali pale Tunduma: kukamata nzi. Watu wa sokoni walimtania. "Simbeye, leo umeua wangapi? Ngozi utatuuzia?" Naye alicheka nao, lakini kazi yake hakuidharau. Mbung'o hupanda magari na migongo ya watu huko mabondeni kusini, na akivuka akafika Mbozi ng'ombe huanza kukonda wakiwa wamesimama. Efraimu aliliona zizi la baba yake mdogo likiisha hivyo, mnyama mmoja mmoja, mpaka likabaki na uzio tu.

Kwa hiyo barabara nzima ilipita mbele ya wavu wake. Wachuuzi, waliotoka migodini na masanduku ya bati, akina mama wenye vikapu, Wahindi wa malori, hata Wazungu. Kila aliyetoka ng'ambo aligeuka na kuinamisha kichwa, maana shingo ikikazwa kola huficha nzi. Baada ya miaka mingi Efraimu aliijua migongo ya watu kuliko nyuso zao.

Karatasi zilisema kwamba nje ya mti ule ni nchi nyingine, Rhodesia ya Kaskazini. Wanamwanga, wenyeji wa pande zote mbili, hawakuiona nchi nyingine. Waliona shamba la mjomba, kaburi la bibi, kisima. Wazungu wawili waliokaa mbali sana, na ambao hawakuwahi kunywa maji ya kisima hicho, walipiga mstari, huyu akachukua huku na yule akachukua kule. Na waliosoma vitabu vitakatifu wakaja nyuma yao, wakajenga kila mmoja upande wake, nao wakauheshimu ule mstari kuliko walivyoheshimu amri nyingine walizokuja nazo.

Vita vya kwanza vilipofika, makanisa yaliomba. Huku kwa Mjerumani waliwaombea askari wa Kaisari. Kule kwa Mwingereza waliwaombea askari wa Mfalme. Maombi yote mawili yalisemwa kwa Kinamwanga kilekile, na waliopiga magoti walikuwa watoto wa nyumba moja. Mungu ndiye ajuaye aliwasikiliza kwa sikio lipi.

Baba yake Efraimu, Lusubilo, alikuwa kule kwa Mwingereza, karibu na misheni. Padri wa siku hizo alisimama mimbarani akasema kwamba kubeba mzigo wa Mfalme ni sawa na kubeba msalaba. Lusubilo akainuka, akatwishwa sanduku la risasi, akaondoka na watengatenga, wapagazi wenzake wa vita, wakiimba. Hakurudi. Hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Mkewe, Ketrina, alibaki na mtoto mgongoni, na kwa desturi akarithiwa na mdogo wa marehemu, Sadoki, aliyeishi upande huu na tayari alikuwa na mke. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Wakasema Ketrina sasa ni mke wa pili, aondolewe kwenye Meza ya Bwana. Kanisa lililomwombea mume aende likamfukuza mke kwa sababu mume hakurudi.

Ketrina hakugombana na mtu. Kila Pasaka alivuka, akatembea mpaka misheni, akakaa nje karibu na mlango, na mkate ulipoanza kuzunguka alisogea akangoja chini ya ukuta. Nywele zikaingia mvi kwenye ukuta ule. Sadoki alikufa masika ya mwaka uliopita, na kikao kikakaa tena. Kikasema sasa mjane ni huru, na Pasaka hii ya mwaka hamsini na tatu anaweza kurudishwa.

*

Jumatatu ya juma la mateso gari la Padri lilisimama kwenye kizuizi. Pikipiki ya Bwana Mbung'o, Mzungu aliyesimamia vizuizi vyote vya wilaya, ilikuwa imeshafika na kuegeshwa kivulini. Efraimu alipowaona wamefika pamoja, mikono yake ilitangulia kujua kuliko kichwa. Aliukunja wavu akaubana kwapani.

Padri huyu hakuwa yule wa vita. Alilikuta kanisa na kulirithi, kama Sadoki alivyomkuta Ketrina. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama, na Kinamwanga chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wengi wa Boma. Aliwahi kukesha na wagonjwa wa ndui wakati wengine wamekimbia. Hilo nalo lisisahauliwe.

"Umesikia habari za Jumatano," alisema.

"Nimesikia, Bwana Padri. Siku mbili za maombi."

"Si maombi. Ni mgomo uliovishwa joho. Wakuu wa chama chao cha siasa wamewaambia watu waache kazi nchi nzima, wakiulizwa waseme tunaomba Mungu Federesheni ya kutuunganisha na kusini isipite."

Efraimu aliuhamishia wavu kwapa la pili.

"Mimi nimefunga kanisa mpaka Ijumaa," Padri aliendelea. "Na Bwana Shauri wa kwetu, mkuu wa wilaya, amekataza mikusanyiko. Sasa tunasikia watavuka waje kuomba huku, ambako askari wake hawana amri."

Bwana Mbung'o hakuutoa mtemba wake mdomoni. "Efraimu, mtu akikutwa na mbung'o, sheria inasemaje?"

"Anaingizwa banda la giza, Bwana. Wakiwa wengi, kundi zima linarudishwa."

"Basi Jumatano utawaona mbung'o. Wengi."

"Na wasipokuwepo, Bwana?"

Bwana Mbung'o akamtazama Padri. Padri akatazama viatu vyake.

"Mimi simwambii mtu aseme uongo," alisema Padri. "Nasema uwe mwangalifu sana."

Kisha akamvuta Efraimu pembeni, akatoa mfukoni kibati cha Meza. Kilikuwa kipande cha madini ya risasi, kidogo kama kucha ya dole gumba, kimechongwa kikombe upande mmoja. Kila muumini aliyekubaliwa alipewa kimoja kabla ya Pasaka, na asiyekuwa nacho alizuiwa mlangoni. Efraimu mwenyewe, kama mzee wa kanisa, alikuwa amesimama mlangoni pale miaka mingi akipokea vibati na kuwarudisha watu. Mara zote hakumtazama mama yake usoni.

"Kwa kawaida navigawa Ijumaa," alisema Padri. "Hiki cha mama yako nakupa leo. Mpe Jumatano jioni."

"Kwa nini Jumatano, Bwana Padri?"

"Kwa sababu Jumatano jioni tutakuwa tumejua nyumba yako imesimama upande gani."

Akakiweka kile kibati kiganjani mwa Efraimu, akakifunga kiganja mwenyewe kwa vidole vyake, kama anayemfungia mtoto peremende.

*

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa kwenye mkeka na mkewe Nesta, wanafanya mazoezi. Ketrina alikuwa amesahau namna ya kuupokea mkate. Nesta alikata vipande vya kiazi kilichochemshwa, akaviweka kwenye sahani, akaipitisha.

"Unachukua kwa mkono wa kulia, mama. Wa kushoto unakinga chini. Kisha sahani unampa jirani."

"Jirani nimpe kabla sijatafuna au nikishatafuna?"

"Kabla."

"Enzi zetu tulikuwa tunatafuna kwanza."

"Enzi zenu mlikuwa wachache, mama, mkate ulikuwa haupoi."

Ketrina akacheka bila sauti, bega likitikisika. Shuka lake jeupe la Pasaka lilikuwa limeanikwa uani. Alikuwa amelifua tangu juzi, na kila jioni alilitoa, akaliona lina doa ambalo hakuna mwingine aliyeliona, akalifua upya.

Efraimu alipita kimya akaingia chumbani. Kibati kilikuwa kizito mfukoni kuliko bunda la funguo.

Kabla jua halijazama alifika Yonathani, kaka yake Nesta, mwinjilisti wa kanisa lile la ng'ambo. Ndiye aliyenyang'anywa ufunguo wa kanisa Jumapili. Alipiga makofi ya salamu mlangoni, akamwamkia Ketrina kwa kuchuchumaa, akamgeukia Efraimu.

"Shemeji, mwinda nzi. Unaendeleaje na jeshi lako?"

"Jeshi lipo. Wewe naona umeachishwa ulinzi wa mlango wa Bwana."

"Nimeachishwa mlango tu. Bwana mwenyewe bado hajaniambia kitu."

Walikaa nyuma ya nyumba, penye vinu. Yonathani akaacha utani.

"Jumatano tunakuja. Sisi na wake zetu. Hatutaki kuimba, hatutaki bendera. Tunataka kusimama mahali tukaomba."

"Mnaomba au mnagoma?"

"Wewe ukifunga kula, umefunga au umekosa ugali?" Yonathani alichora kitu mchangani kwa kidole, akakifuta. "Tangu nikiwa mtoto wananiambia omba. Vita, omba. Nzige, omba. Mfalme anaumwa, omba, Mfalme amekufa, omba, amepatikana Malkia, omba. Sasa tunataka kuomba tusifungwe kamba moja na Wazungu wa kusini wanaotunyang'anya ardhi, tunaambiwa hiyo siasa. Na usifikiri itaishia kwetu. Kahawa ya Mbozi nayo wanajua inakostawi."

Efraimu alikitoa kibati, akakiweka juu ya kinu. Akaeleza yote, Bwana Mbung'o, Padri, Jumatano jioni. Kutoka ndani sauti ya Ketrina ilisikika ikiuliza kama divai hunywewa kidogo au mdomo mzima.

Yonathani alikichukua kile kibati, akakigeuza, akakirudisha juu ya kinu.

"Shemeji," alisema. "Yule mama nimemwona chini ya ukuta ule tangu sijaota ndevu. Siwezi kukwambia umnyime." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Sisi tutakuja hivyohivyo. Tutafika kwenye mti wako, tutageuka kama siku zote. Wewe fanya kazi yako."

*

Walikuja asubuhi ya Jumatano wakati umande ungali kwenye majani. Efraimu aliwaona wakipinda kona ya mchanga, wote wamevaa nguo nyeupe, wanaume na wanawake, wengine wamevaa magunia ya unga yaliyofuliwa mpaka yakawa meupe. Nyuma yao, kwa baiskeli, askari wawili wa ng'ambo. Mmoja wao, Rubeni, mtu mnene aliyekuwa akipita hapo kila mwezi, alimpungia mkono Efraimu kisha akakumbuka kwamba yuko kazini, akaushusha.

Yonathani alikuwa wa kwanza. Alifika kwenye mti, akageuka, akavua kofia, akainamisha kichwa. Wote nyuma yake wakafanya vilevile. Barabara nzima ikawa migongo.

Efraimu akapitisha wavu. Mgongo wa shemeji yake ulikuwa safi, shati limetiwa kiraka begani na Nesta mwenyewe. Kazi yake ilikuwa na maneno mawili tu, *pita* na *rudi*, na siku hiyo hakuna lililofaa. Akisema rudi, amesema kuna nzi pasipo nzi. Akisema pita, amemrudisha mama yake chini ya ukuta.

"Subiri kidogo," alisema, akaenda kwa wa pili.

Akamkagua wa pili. Akamkagua wa tatu, mama mjamzito ambaye hakutaka kuketi. Sheria ilisema waliokuja kwa kundi moja wasipite nusunusu. Mti unainuliwa wakishakaguliwa wote. Ilisema pia kwamba mbung'o huruka, kwa hiyo aliyekaguliwa akichanganyika na wasiokaguliwa hukaguliwa upya. Na watu walikuwa wanazidi kuja. Kila alipofika mkiani alikuta mkia umeongezeka. Akarudi mwanzo.

Hakupanga. Baadaye mtu alipomwambia kwamba ilikuwa hila, Efraimu alimkasirikia. Alichofanya ni kile alichofanya siku zote, mgongo mmoja baada ya mwingine, ila safari hii hakufika mwisho. Na hao waliosimama vichwa chini, ambao hakuna aliyewaambia sasa anzeni, walikuwa wameshaanza. Midomo ilitembea bila sauti. Mzee mmoja machozi yalimtoka yakaning'inia kwenye kidevu, naye hakuyafuta, kwa sababu anayekaguliwa hatikisiki.

Jua likapanda. Askari wakasogea.

"Hawa wamekusanyika," alisema yule askari wa pili.

"Wanangoja kukaguliwa nzi," alisema Rubeni. "Uliwahi kupita hapa bila kungoja?"

"Mbona hawazungumzi?"

"Wewe ukikaguliwa huwa unazungumza?"

Yule askari akaketi chini ya kivuli cha baiskeli yake.

Adhuhuri gari la Padri lilikuja kwa mwendo wa kasi kutoka kusini, vumbi likilifuata. Lilisimama mkiani mwa mstari. Padri akashuka na koti lake jeusi, la juma la mateso, limefungwa vifungo vyote katika joto lile. Akatembea kando ya migongo ile meupe mpaka kwenye mti. Aliwajua wote. Wengi aliwabatiza kwa mkono wake.

"Efraimu, nini hiki?"

"Nakagua, Bwana Padri."

"Tangu asubuhi?"

"Uliniambia niwe mwangalifu sana."

Padri akatazama wavu, akatazama watu. Labda hapo ndipo alipouelewa ule ukimya, kwamba alikuwa amefunga kanisa moja na kujengewa lingine barabarani bila ukuta. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyekuta nyumbani kwake kuna karamu na hakualikwa.

"Inua mti," alisema. "Nataka kupita nikampigie simu Bwana wako."

"Nitainua, Bwana Padri. Naomba ugeuke."

Ilikuwa sheria. Hata Bwana Shauri mwenyewe aligeuka. Padri alisita, kisha akageuka, akavua kofia, akainamisha kichwa chake chenye mvi. Akawa amesimama mbele ya mstari ule, kichwa chini kama wao, mtu mmoja mweusi kwa nguo mbele ya weupe wote wale, na yeyote ambaye angepita wakati huo angesema huyu ndiye kiongozi wa maombi. Rubeni aliliona hilo. Alijikohoza, akageukia porini.

Efraimu akainua wavu, na hapo akamwona.

Mbung'o hupenda nguo nyeusi na hufuata gari linalokimbia. Huyu alikuwa ametulia katikati ya mabega ya Padri, mabawa amelaza moja juu ya jingine kama visu viwili kwenye ala moja. Mbung'o mmoja tu tangu asubuhi.

Hakuna mwingine aliyemwona. Efraimu alikuwa na nafasi ya kupitisha wavu juujuu, aseme pita, na labda mpaka jioni mambo yote yangekuwa yamesahauliwa, Padri ana moyo laini. Alimfikiria mama yake akichukua kiazi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukikinga. Akafikiria zizi la Sadoki. Kwenye migongo safi ameombwa aone nzi; sasa nzi yupo, aombwe tena asimwone?

Akashusha wavu haraka, akaukunja, akambana nzi kwa vidole kupitia kitambaa. Akamdondosha kwenye chupa.

"Umeingia na mmoja, Bwana Padri."

Padri aligeuka akaitazama ile chupa. Nzi alikuwa akizunguka ndani, akilia.

"Amina," ilisema sauti ya mwanamke kutoka mstarini, kwa upole kabisa, na hakuna aliyecheka.

"Gari na mwenye gari wanaingia banda la giza," alisema Efraimu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni dirisha moja tu lenye mwanga. Wengine wakiwemo wataufuata. Si muda mrefu, Bwana Padri."

"Kile kibati," alisema Padri. "Unacho?"

"Ninacho."

"Nirudishie."

Efraimu alijifuta mikono kwenye kaptura.

"Ni cha mama, Bwana Padri. Hakikuwa changu nikipokee, na si changu nikirudishe."

Padri akaingia bandani mwenyewe bila kushikwa mkono. Kupitia nyufa za mlango walimwona amesimama katikati ya giza, uso ameuelekeza kwenye dirisha lile dogo. Nje, Yonathani akainamisha kichwa tena. Padri alipotolewa aligeuza gari akarudi kusini. Mti haukuinuliwa hadi jioni, na hakuna aliyeomba tena uinuliwe. Jua lilipokaribia kuzama watu walirudi makwao, walikotoka, bila kuvuka.

*

Jioni hiyo alimweleza mama yake. Alieleza yote amepiga magoti, maana kwa kusimama asingeweza, kisha akakiweka kibati kwenye mkeka.

Ketrina alikichukua, akakipima kiganjani, akakigeuza upande wa kikombe. Nesta alikuwa ameshikilia sahani ya viazi bila kujua aiweke wapi.

"Kizito," alisema mama. "Nilikuwa nimesahau."

"Mama, nimekuharibia."

"Baba yako alipobebeshwa lile sanduku aliniangalia nimwambie kaa. Padri alikuwa anatazama. Nikasema nenda." Akakifunga kibati kwenye pindo la shuka lake, fundo mara mbili. "Wewe hukuniuliza. Vizuri."

Alhamisi habari zilivuka: Yonathani ameitwa Boma la ng'ambo ajibu maswali, na hajarudi. Ijumaa zikavuka nyingine: jina la Efraimu Simbeye limefutwa kwenye wazee wa kanisa, nyumba yake haina haki Mezani, na kibati kilichopotea kirudishwe. Bwana Mbung'o akaleta barua kwamba mwisho wa mwezi kazi imekwisha. Efraimu akaendelea kupitisha wavu. Watu wa sokoni hawakumtania. Mmoja alimletea chungwa, akaliweka juu ya mti wa kizuizi, akaondoka.

Jumapili ya Pasaka barabara ilikuwa tupu. Kengele ya misheni ilisikika ikiletwa na upepo, ikichukuliwa, ikiletwa. Ketrina alikuja kutoka upande wa nyumbani, peke yake, na shuka lake jeupe na miguu iliyopakwa mafuta. Wanaoelekea ng'ambo hawakaguliwi. Nzi hutoka huko, hawaendi huko. Lakini alifika kwenye mti, akasimama mbele ya mwanawe, akageuka, akainamisha kichwa.

Efraimu hakuwahi kuukagua mgongo huo. Ndio uliombeba. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, mifupa ikionekana kama ngazi chini ya shuka. Akapitisha wavu kutoka shingoni hadi kiunoni, taratibu, kisha akapitisha tena.

"Watakuzuia mlangoni, mayo, mama yangu."

"Kibati ninacho."

"Wanajua ni kipi. Wamesema kirudishwe."

"Nimesikia walichosema."

"Basi unakwenda kukirudisha?"

Ketrina alilishika lile fundo la pindo, akalibonyeza kwa kidole kuhakikisha.

"Nitajua nikifika mlangoni," alisema. "Inua."

Efraimu akavuta kamba, mti ukapanda. Mama yake akapita chini yake bila kuinama, akashika katikati ya barabara, kule ambako magari hupita. Hakutazama nyuma. Kengele ilinyamaza, sasa watakuwa wanaingia. Shuka jeupe likawa dogo, likafika kona ya mchanga, likasimama kidogo kama anayetoa kokoto kiatuni, ingawa hakuwa na viatu, kisha likapinda.

Lori la Mhindi lilikuja likielekea ng'ambo, likapiga honi mara moja, likaona mti uko juu, likapita. Efraimu alikuwa bado ameishikilia kamba kwa mikono miwili.